Neno «regula» na kazi zake tatu

Liko neno moja la Kilatini ambalo wengi wetu tulilishika mkononi shuleni bila kulijua. Ndilo «regula». Kwa asili yake ni ubao mnyofu, au fimbo nyofu, ambayo seremala na mwashi hupimia kazi yao. Kifransa kimelirithi: «règle» ni rula ya mwanafunzi, na tena ni kanuni. Wagiriki nao walikuwa na fimbo yao, «kanon», na neno hilo lilipita kwa Waarabu hata likatufikia sisi: «kanuni». Mtakatifu Isidori wa Sevilla, aliyekufa mwaka 636, aliandika kwamba «kanon» kwa Kilatini ni «regula». Kwa hiyo hatuwezi kuwasifu wafasiri wanaoandika «sheria» kila wakutanapo na neno hili. Sheria huamuru, regula hupima tu, na kipimo chaweza kuwekwa mahali pasipo pake.

Tutazame hesabu. Regula ya tatu ilifundishwa Uhindi na Aryabhata mwaka 499, nayo huko Ulaya ilipendwa hata ikaitwa kanuni ya dhahabu. Mikungu 3 ya ndizi ni faranga 12. Mikungu 5 je? Mtoto huzidisha 12 kwa 5, hugawa kwa 3, hupata 20. Vema. Sasa mwulize: mtu mmoja akitoka parokia hufika sokoni kwa muda wa saa 4; watu wawili wakienda pamoja, je? Aliyekariri atajibu mbio: saa 2! Tumewasikia hata watu wazima wakijibu hivyo.

Mtakatifu Benedikto hakuwa na haraka hiyo. Regula yake ya karne ya 6, yenye sura 73, ambayo wamonaki wa Mtakatifu Andrea wa Brugge waliishika walipofika Katanga mwaka 1910, yapima hata divai ya kila ndugu kwa siku. Lakini katika sura ile ile ya 40 asema kwamba mahali, kazi au joto la kiangazi likidai zaidi, mkubwa aamue.

Katika mambo ya hukumu ndipo neno hili limeumiza watu. Kaisari Justinianus alipotoa Digesta mwaka 533, mwishoni ziliwekwa regula 211. Ya kwanza ni ya mwanasheria Paulus: haki haitoki katika regula, bali regula hutolewa katika haki iliyokwisha kuwapo, nayo ikiharibika mahali pamoja hupoteza kazi yake. Onyo hilo halikusikiwa na wote. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII alitoa kitabu cha sheria za Kanisa chenye regula 88 mwishoni. Ya 43 imeenea duniani kote, hata kwa wasiojua Kilatini: anyamazaye huhesabiwa amekubali.

Twajua inavyotumiwa nyumbani. Wageni wamekuja kuposa, mahari yamehesabiwa, binti ameinamisha macho, hasemi neno. Mjomba asema: amenyamaza, basi amekubali. Na mzee huyo adhani amesema sheria! Kumbe ameshika fimbo ya kupimia akaigeuza kuwa fimbo ya kuchapia. Binti hunyamaza kwa heshima, au kwa hofu, au kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Laiti angalifunua mstari unaofuata. Regula ya 44 yasema kwamba anyamazaye hakukiri, wala hakukana. Zimewekwa pamoja, moja chini ya nyingine, na watu wamechukua ile iliyowafaa. Tena katika ndoa Kanisa halipimi kwa ukimya hata kidogo: Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zataka bwana na bibi arusi watamke ridhaa yao kwa maneno, na asiyeweza kusema atoe ishara yenye maana hiyo hiyo. Kila mmoja wao hutamka ridhaa yake, na mjomba hukaa kwenye benchi akisikiliza.