Chujio: Kipitacho na Kibakiacho

Katika tafsiri zinazotufikia, neno chujio limetwishwa mzigo usio wake. Maelekezo ya mapishi humwagiza msomaji achuje unga. Mpishi yeyote atashangaa, kwa kuwa unga hauchujwi bali huchekechwa.

Kila chombo kina kitenzi chake. Chujio huchuja kilicho majimaji: chai hupita, majani yakabaki. Chekeche huchekecha kilicho kikavu: unga laini huanguka, chenga zikabaki. Ungo hauna matundu. Hupepetewa nafaka, makapi yakapeperuka. Kifumbu hutiwa nazi iliyokunwa, kikakamuliwa, tui likatoka na chicha ikasalia. Mfasiri anayeviita vyote machujio anaipunguzia lugha utajiri wake.

Kosa la jikoni ni dogo. La ofisini ni zito zaidi. Tuchukue mfano wa tangazo la kazi linalowataka "waombaji waliochujwa" wafike kwa usaili. Je, ni akina nani hao? Katika chai hutakiwa kipitacho. Katika tambi zilizochemshwa hutakiwa kibakiacho. Kitenzi chuja peke yake hakisemi kipi ni kipi, na mwombaji aliyeachwa aweza kufunga safari bure.

Kwa maoni yetu, matangazo na yaseme wazi "waliopita katika mchujo" au "walioenguliwa katika mchujo". Neno mchujo ni zuri, na libaki. Lakini mwandishi asimwache msomaji ajichujie maana mwenyewe.