Kwanza Hesabu Faili

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha kampuni moja hapa Dar es Salaam. Kijana akaonyesha ukutani jedwali la gharama za hifadhi ya wingu: watoa huduma wanne, bei ya gigabaiti kwa mwezi, jumla chini, mshindi kapakwa kijani. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akasema hayo ndiyo makadirio ya kitaalamu. Nilinyamaza kwa heshima ya wenyeji, lakini mpaka leo lile jedwali limenikaa kooni. Ile ilikuwa orodha ya bei, tena nusu yake.

Makadirio yaliyofanywa na fundi unayatambua kabla hujafika kwenye jumla. Yana tarehe ambayo bei zilisomwa. Yanataja eneo la kituo cha data, kwa sababu gigabaiti ya Virginia siyo ya Cape Town: kwa Amazon, kutoa data kwenda kwenye intaneti kutoka Virginia ni senti 9 za dola kwa gigabaiti katika terabaiti 10 za kwanza, na kutoka Cape Town ni zaidi ya senti 15. Yana mstari wa kodi. Yanaandikwa kwa miezi 36, kamwe si kwa mwezi mmoja. Na jedwali lenye rangi zaidi ya mbili mimi silisomi. Mwenye hesabu safi hahitaji kuipamba.

Hayo mtu hujifunza kwa mwaka mmoja. Kinachowapita wanagenzi wote, hata wenye vyeti, ni idadi ya faili. Wanauliza terabaiti ngapi, wanajibiwa, wanazidisha, wamemaliza.

Chukua faili milioni 60, kila moja KB 16: picha ndogo za risiti, tuseme. Zote pamoja ni kama GB 915. Kwenye tabaka la kawaida la S3, hifadhi ya wingu ya Amazon, huko Virginia, kwa dola 0.023 kila gigabaiti, utalipa dola 21 hivi kwa mwezi. Mwanagenzi anaona tabaka la Standard-IA ni dola 0.0125, anafurahi, anazipakia moja kwa moja huko akidhani amekata bili karibu nusu. Lakini tabaka lile linatoza kila faili kana kwamba ina KB 128 hata kama haizifikii. Zile GB 915 zinahesabiwa kuwa GB 7,324, na bili inakuwa kama dola 92 kila mwezi. Kabla ya hapo, kuzipakia tu kumemgharimu dola 600, kwa sababu kila faili ni ombi moja la kuandika, na kila maombi 1,000 ni senti moja. Angezipeleka tabaka la Deep Archive, ambako gigabaiti haifiki hata senti moja ya dola, kupakia peke yake kungekuwa dola 3,000, na kila faili ingebaki na deni la siku 180 hata akiifuta kesho yake. Sasa chukua GB 915 zilezile zikiwa video 900. Bei ni zilezile, mtoa huduma ni yuleyule, na Standard-IA inakuwa chaguo jema kabisa, mradi hazisomwi mara kwa mara.

Dada aliyenifundisha kazi hii ya makadirio hakuwahi kumuuliza mteja ana terabaiti ngapi. Alikuwa akiomba ruhusa ya kuingia kwenye seva, anaanzisha hesabu ya faili, anaiacha ikimbie usiku kucha. Asubuhi alizipanga kwa ukubwa, akachukua ile iliyoko katikati kabisa ya safu, akaandika ukubwa wake kwa penseli kwenye kaunta buku. Wastani hakuutaka. Alisema video moja nene inaweza kuficha risiti laki moja. Bili ya kwanza ikija, aliiweka kando ya makadirio yake na kuzipitia mstari kwa mstari, na mstari uliokosea kwa zaidi ya asilimia 5 aliuzungushia duara, hata kama jumla ilikuwa sawa.

Na wajanja wapo. Wakala mmoja aliwahi kutuletea ulinganisho ambamo huduma yake ilikuwa nafuu mara nne. Tulipokagua, tukakuta ameweka tabaka lake la kumbukumbu za zamani dhidi ya tabaka la kila siku la mwenzake. Wengine hutamba kwamba hawatozi data inayotoka. Cloudflare R2 kweli haitozi, na hilo ni jambo kubwa, lakini kuandika kunatozwa dola 4.50 kwa maombi milioni. Zile risiti milioni 60 zinakuwa karibu dola 270 kabla hujasoma hata moja.

S3 ilipofunguliwa Machi 2006, bei zake ungeziandika kiganjani: senti 15 kwa gigabaiti kuhifadhi, senti 20 kuhamisha. Maombi hayakutozwa. Haukupita mwaka mmoja na nusu wakagundua wenye faili ndogondogo wanafanyisha mitambo kazi kubwa na kulipa kidogo, na mwaka 2007 malipo ya maombi yakaanza. Naukumbuka kwa hamu wepesi wa bei za wakati ule. Lakini waliozitunga wenyewe walikwama palepale anapokwama mwanagenzi wa leo, na walijirekebisha.

Yule kijana nimemwandikia. Ana mkono mtulivu na hakukasirika. Nilimwomba kitu kimoja tu, idadi ya faili za kampuni yao. Alijibu jana saa nne usiku kwamba hesabu bado inakimbia, imefika milioni 41, na zile alizozifungua hazizidi KB 20.