Hongo na Vita vya Mirambo: Nadharia za Uhusiano wa Mataifa Katika Mizani ya Lugha

Vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, vilivyoanza mwaka 1871, vyafaa sana kuzipimia nadharia za uhusiano wa mataifa. Pande zote mbili zilikuwa na watu, silaha na wajumbe. Na hapakuwa na mamlaka juu yao ya kuwaamulia. Sultani Barghash alikuwa Unguja, mbali na Tabora.

Nadharia ya uhalisia hueleza mwanzo wa vita kwa hofu. Kama Thucydides alivyosema kuwa kukua kwa Athens kuliwatia hofu watu wa Sparta, ndivyo kukua kwa Urambo kulivyowatia hofu wafanyabiashara wa Tabora. Walimwendea Mirambo wakashindwa. Naye akaishambulia Tabora yenyewe Agosti 1871, na Khamis bin Abdallah akauawa. Nadharia ya uliberali hueleza mwisho wake: njia ya Ujiji ilipofungwa pembe hazikupita, biashara ikaharibika, kila upande ukapata hasara, hata wakapatana.

Maelezo hayo si ya uongo, walakini yote mawili hudhani kwamba kiini cha ugomvi chafahamika. Kiini hicho chakaa katika neno moja, hongo.

Katika Kiswahili cha leo hongo ni rushwa. Katika Kiswahili cha misafara ilikuwa malipo ya nguo, shanga au masango, aliyopewa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Stanley aeleza kuwa Mirambo alipokea kwa msafara wa Ujiji mitumba mitano ya nguo, bunduki tano na mapipa matano ya baruti, kisha akaurudisha. Kama hongo ni bei ya njia, Mirambo alidhulumu. Kama ni heshima apewayo mwenye nchi, ruhusa ilibaki mkononi mwake. Wafasiri wa Ulaya mara nyingi waliliandika neno hili kana kwamba ni unyang'anyi. Hivyo mtemi huhukumiwa kabla ya shauri kusikilizwa.

Kisa cha Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, chaonyesha uzito wa jambo hili. Alipotaka kutoza ushuru juu ya bidhaa, Waarabu walimwondoa mnamo 1860, wakamweka Mkasiwa. Basi swali la Tabora halikuwa tu nani ana bunduki nyingi, bali nani ana haki ya kutoza. Alexander Wendt alikaribia hoja hii mwaka 1992 aliposema kuwa hali ya kukosa mamlaka ya juu hupata maana yake kwa dola zenyewe. Lakini maana hiyo haionekani kwa asiyejua maneno ya wagombanao.

Pembe za njia ile zilitoka hata mashariki ya Kongo, na huko swali lingali hai. Baada ya M23 kuuteka mji wa Rubaya mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa kundi hilo lilitoza malipo juu ya koltani. Mirambo na M23 si sawa: yule alikuwa mtemi katika nchi yake. Lakini aandikaye “kodi”, na aandikaye “wizi”, wote wawili wamekwisha kuamua nani mwenye nchi. Nadharia isiyoanza kwa kulichunguza neno hilo huingia vitani bila kujijua.