Hesabu Mbili za Hewa ya Indianapolis

Hewa ukaa ya mji inaweza kujulikana kwa njia mbili: kujumlisha mafuta yote yanayochomwa, au kupima hewa yenyewe. Miji mingi hutumia ya kwanza peke yake. Indianapolis, Marekani, ilifanyiwa zote mbili, kila moja ikiisahihisha nyingine.

Hesabu ya mafuta ilifanywa na mradi wa Hestia, wa Kevin Gurney na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012. Mradi wao wa awali, Vulcan, uliigawa Marekani katika miraba ya kilomita 10 kwa 10. Hestia ikashuka hadi kwenye jengo na barabara. Daftari la kodi ya majengo lilitoa ukubwa, umri na matumizi ya kila jengo. Programu ya nishati ikakadiria kila aina ya jengo inahitaji joto kiasi gani. Kisha jumla ya mafuta ya eneo zima ikagawanywa kwa uwiano huo. Barabara zilipewa fungu lao kulingana na idadi ya magari yanayopita. Mitambo mikubwa ya umeme haikuhitaji kukadiriwa, kwa sababu mabomba yake ya moshi yana vipimo vinavyosomwa saa kwa saa.

Hapa pana mtego. Jumla ikikosewa, kosa husambaa nyumba kwa nyumba na ramani inabaki kupendeza vilevile. Na jumla hukosewa kweli: mwaka 2021 timu ya Gurney ililinganisha takwimu ambazo miji 48 ya Marekani ilijitangazia yenyewe na za Vulcan. Kwa wastani miji ilikuwa imejipunguzia hesabu kwa asilimia 18.3.

Ili kukagua hesabu ya namna hiyo, mradi wa INFLUX, ulioanza mwaka 2010, ulipima hewa kwa ndege na kwa minara 12. Indianapolis ilifaa: ardhi ni tambarare, na pembeni ni mashamba, hakuna mji jirani wa kuchanganya moshi. Kipimo cha mnara ambako upepo unaingilia mjini hutolewa kwenye kipimo cha mnara ambako unatokea. Kinachobaki ni mchango wa mji.

Lakini mchango huo si wa injini na majiko tu. Miti, nyasi na udongo navyo hutoa hewa ukaa, na mchana wa majira ya joto mimea huifyonza kwa wingi. Ili kutenganisha, watafiti walipima kaboni-14, aina ya kaboni inayopungua polepole kadiri miaka inavyopita. Makaa ya mawe, petroli na gesi asilia vimekaa ardhini mamilioni ya miaka, kaboni-14 yake yote imekwisha. Mmea ulio hai unayo. Kadiri hewa ya mji inavyopungukiwa kaboni-14, ndivyo mafuta ya ardhini yalivyochangia zaidi. Matokeo ya majira ya baridi yalipolinganishwa, hesabu ya mafuta na vipimo vya hewa vilikubaliana ndani ya asilimia 7.

Je, Dar es Salaam inaweza kuiga? Majengo si kikwazo kikubwa tena, kwani tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umechora sehemu kubwa ya mji. Kikwazo ni mkaa. Mkaa ni mti wa juzi, kaboni-14 yake bado imo. Kwa kipimo kile, moshi wa jiko la mtaa wa Manzese ungesomeka kama pumzi ya mwembe. Upimaji ungenasa daladala na mitambo ya gesi, ukaliacha jiko.

Tena mkaa hauishii mjini. Mti uliokatwa ukichipua tena na kukua, kaboni ile inarudi. Shamba likichukua nafasi yake, hairudi. Picha za satelaiti za misitu ya Pwani na Morogoro ni sehemu ya hesabu ya Dar es Salaam, ingawa misitu yenyewe iko nje ya mipaka ya jiji. Kwa hiyo mpangilio wa kazi hapa uwe huu: kwanza magunia yahesabiwe kwenye barabara za kuingilia jijini, msitu ulikotoka mkaa ufuatiliwe, ndipo minara isimamishwe.