Tundu Kwenye Tuta la Seli: Kompyuta Ilivyoifuatilia Protini ya Parkinson

Anayelima mpunga bondeni Magole, wilayani Kilosa, anajua kwamba jaruba halikaushwi na jua peke yake. Panya akitoboa tuta usiku, kukicha maji yameshahamia kwa jirani. Mkulima huyo hahangaiki na mpunga kwanza, anakagua tuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakiwemo Igor Tsigelny na Eliezer Masliah, waliuendea ugonjwa wa Parkinson kwa njia hiyohiyo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2007.

Parkinson huanza taratibu: mkono unatetemeka, mwili unakakamaa, hatua zinafupika. Kwetu mara nyingi huitwa uzee. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, wakachapisha matokeo mwaka 2008, waliwapata wagonjwa 33 katika jamii ya watu wapatao 161,000. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini.

Ndani ya ubongo, seli zinazotengeneza dopamini zinakufa, na katika seli zilizoathirika hukutwa mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Lakini bonge ni mwisho wa safari. Je, mwanzoni protini hiyo inafanya nini kwenye utando wa seli? Utando huo ni tuta hasa: safu mbili za mafuta, unene wa nanomita chache tu, na kalsiamu iliyo nje yake ni karibu mara 10,000 ya iliyo ndani. Tundu dogo linatosha kuleta maafa.

Kamera haiwezi kupiga picha ya jambo hilo atomu kwa atomu likiwa linatokea. Kompyuta hulikokotoa. Kila atomu hupewa mahali pake, chaji yake na nguvu inayoivuta au kuisukuma. Kisha kanuni za mwendo za Newton hueleza itakuwa wapi baada ya muda mfupi mno. Kwa kawaida hatua moja ni femtosekunde 2, yaani sehemu mbili za milioni ya bilioni ya sekunde. Kufikisha sehemu moja ya milioni ya sekunde kunadai hatua milioni 500. Protini kukusanyana huchukua muda mrefu kuliko huo kwa mbali sana, kwa hiyo kazi nzima haiwezi kukokotolewa kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo ustadi wa kundi hili ulipo: waliligawa swali. Alfa-sinukleini ina amino asidi 140 na ikiwa majini haina umbo moja. Hujikunjakunja kama uzi. Wakaanza na umbo lililopimwa maabara ikiwa imeshikana na vitone vya sabuni, ambavyo huiga utando. Wakaiacha ijisogeze ndani ya kompyuta, kisha wakazikutanisha protini mbili na kuchunguza zinavyoshikana.

Majibu yakawa mawili. Jozi iliyolala kichwa kwa mkia hujifunga yenyewe, haikaribishi ya tatu. Jozi iliyolala kichwa kwa kichwa juu ya utando huacha nafasi. Ya tatu inaingia, ya nne inafuata, hadi tano au sita zinaunda pete. Pete ina tundu katikati. Walipomweka ndugu wa alfa-sinukleini, yaani beta-sinukleini, jozi zake hazikuendelea kukua, tena zilizuia pete ya alfa isikamilike.

Hawakuishia hapo, na ndiyo maana naiheshimu kazi hii. Maabara, nje ya seli, alfa-sinukleini ilionekana kweli ikiunda pete, na beta ikazivunja. Seli zilizotengeneza alfa kwa wingi zilipitisha mkondo zaidi wa ayoni, mkondo ulioathiriwa na zinki, kama inavyotarajiwa kwenye tundu. Hata hivyo waandishi walisema pete *huenda* zinaunda matundu. Kitone cha sabuni si utando wa ubongo, na hoja nyingine, ile ya mabonge kuhama kutoka seli hadi seli, ina ushahidi wake.

Uchunguzi wa aina hii ulizaa kitu cha kushika mkononi. Kwa kujua protini zinashikana wapi, zilibuniwa molekuli ndogo za kuziachanisha, na mojawapo, minzasolmini, ikafika kwenye majaribio kwa wagonjwa. Desemba 2024, kampuni ya UCB ilitangaza kwamba jaribio la dawa hiyo halikufikia lengo lake.

Hilo halifuti hesabu ya mwaka 2007, ila linaionyesha mipaka yake. Kompyuta inaweza kuonyesha tundu linavyoanza. Haiwezi kurudisha maji yaliyokwisha kutoka. Mkono unapoanza kutetemeka, seli nyingi za dopamini zimeshapotea. Kwa maoni yangu, dawa ya kuzuia pete inamhitaji mgonjwa wa mapema, na mgonjwa wa mapema hapatikani mahali ambapo robo tatu ya wagonjwa hawajui jina la ugonjwa wao. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anayemtazama mzee anavyotembea, na kuuliza, anafanya sehemu ya kazi ambayo hakuna kompyuta itakayomfanyia: anapita juu ya tuta wakati jaruba lingali na maji.