"Chibite" ya Hukwe Zawose na Uimbaji wa Kanisa

Albamu ya "Chibite", iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya Real World ya Uingereza, ni kazi ya Mgogo, Hukwe Zawose. Mwanamuziki huyu alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Kwa kuwa Bagamoyo ni jirani yetu sisi tunaohudumu Kibaha na Kisarawe, haifai tuwaachie Wazungu peke yao kazi ya kuihakiki.

Uzito wa albamu hii umo katika uchache wa vyombo. Ilimba hurudiarudia mapigo yake, zeze hujibu, nayo sauti hupanda kutoka chini kabisa hata juu mno, bila pambo la ziada. Hata hivyo ina upungufu. Wimbo wa Kigogo ni wa jamii: watu huitikia, hupiga makofi na kucheza. Studio imeuondoa uwanjani, na msikilizaji wa ugenini amebakiwa na utamu wa sauti pasipo kuelewa neno.

Lakini urithi haukuishia kwenye kanda. Mwaka 2017 mwanawe, Msafiri, alitoa "Uhamiaji". Mwaka 2024 Pendo na Leah, binti na mjukuu wake, walitoa "Maisha", wakiongoza nyimbo na kupiga vyombo ambavyo desturi iliwapa wanaume. Basi mapokeo hudumu yanaporithishwa, na mrithi hupewa pia ruhusa ya kuyatengeneza upya.

Hapo ndipo Kanisa linapoulizwa swali. Wamisionari wa Berlin walihubiri Kisarawe na Maneromango tangu mwishoni mwa karne ya 19, na tuni za Kijerumani zikaota mizizi. Hatuzidharau, maana zimelea imani ya wengi. Walakini Zaburi ya 150 inaita kwenye sifa vyombo ambavyo waabuduo wenyewe walivijua, matari na kucheza vikiwamo.

Jibu si kupeleka ilimba Kisarawe iwe pambo la sikukuu. Huko kungekuwa kuazima tena. Wazaramo wana ngoma na nyimbo zao. Mchungaji na aketi na wazee, ajifunze maana yake, azipime kwa Injili, kisha awakabidhi vijana wa kwaya yale yanayoijenga imani. Usharika unaoimba usichokielewa unafanana na yule msikilizaji wa ugenini: umefurahishwa, lakini haujafundishwa.