Goti Lisilo Goti: Istilahi za Upimaji wa Mifupa ya Miguu ya Wanyama kwa Picha za Kitabibu

Mijadala ya istilahi za sayansi katika Kiswahili aghalabu huanza na jina la mashine. Kwa picha za kitabibu, tatizo hilo ni dogo: eksirei imekwisha kuzoeleka, na siti-skani inaifuata. Utata upo kwenye kinachopimwa.

Ng'ombe anapopiga magoti, kiungo cha mguu wa mbele kinachogusa ardhi huitwa goti. Kianatomia, kiungo hicho hulingana na kifundo cha mkono wa binadamu, na mfupa ulio chini yake ni wa kiganja. Goti linalolingana na la binadamu liko mguu wa nyuma, juu, karibu na tumbo. Kwa hiyo, agizo la kupima unene wa "mfupa ulio chini ya goti" laweza kumpeleka mtafiti mmoja kwenye muundi na mwenzake kwenye kiganja. Vipimo vyao havitalinganishika, hata wakitumia mashine ile ile.

Neno "picha" nalo huficha mengi. Katika eksirei, kadiri mfupa unavyokuwa mbali na filamu ndivyo kivuli chake kinavyokuzwa. Rula peke yake haitoshi. Siti-skani huonyesha mfupa kipande kwa kipande, na kila nukta ni namba: katika kipimo cha Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni -1000. Anayeambiwa "tazama picha" hajaambiwa kwamba anasoma namba, wala kwamba ukingo wa mfupa, na kwa hiyo unene wake, hutegemea namba aliyoichagua mpimaji kuwa mpaka.

Istilahi "fupaja", iliyotokana na mfupa na paja, imefaulu kwa sababu hutaja mfupa mmoja tu. Lakini si lazima kila istilahi iundwe upya. Wauza nyama na mama lishe wa Tanzania wanalo neno kongoro, yaani sehemu ya chini ya mguu hadi kwatoni, nalo halitegemei mwili wa binadamu hata kidogo. "Mfupa wa kongoro la mbele" hauwezi kuchanganywa na muundi. Ni ajabu kwamba neno linalosikika kila asubuhi penye supu halijapewa nafasi maabarani.

Kinachosalia bila jina lililozoeleka ni kiambaza chembamba ndani ya mfupa huo, kinachoonekana katika kipande cha siti-skani: alama ya mifupa miwili ya kiganja iliyoungana kuwa mmoja.